Anayetuchekesha Ndiye Atakayetutisha

Mchekeshaji ni mchekeshaji tu. Kauli hiyo utaisikia Tarime mjini, utaisikia Sirari mpakani, na ukizunguka hadi Mugumu, upande wa pili wa Mto Mara, utaikuta imekutangulia. Mpe filamu nzito, wanasema, filamu ya mtu anayeharibikiwa na akili au ya muuaji anayeishi na siri yake mtaani, atakuharibia kazi. Watu watamwona anaingia, watacheka kabla hajafungua kinywa, na taharuki yote itakuwa imekufa hapo. Wanaosema hivyo si wajinga. Wamo watayarishaji wanaotoa fedha zao, wamo walimu wa sanaa, na wengi ni watazamaji waliowahi kulipa kiingilio wakatoka wamenuna. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao linatuumiza zaidi sisi wa huku Mara kuliko linavyowaumiza watu wa Dar es Salaam. Nitafika huko.

Kwanza niichukue hoja yao pale ilipo na nguvu. Ni kweli watu watacheka. Joti, mchekeshaji wa kundi la Orijino Komedi, akitokea kwenye kioo, hata akiwa amesimama tu na mikono mfukoni, yupo atakayecheka. Sasa nami niulize: ni mwigizaji gani mwingine nchini anayeweza kuingia chumbani na kila mtu akalegeza mabega? Mtazamaji wa filamu ya taharuki huja amejikaza. Anamsaka mbaya tangu dakika ya kwanza, na akiletewa jamaa mwenye sura ya jiwe, sauti ya kukoroma na miwani myeusi usiku, anamtia alama palepale: ndiye huyu. Kuanzia hapo anahesabu tu dakika hadi jamaa akamatwe. Mchekeshaji hatiwi alama. Anakaribishwa, anapewa kiti, tena tunamwombea asiondoke upesi. Mtu wa namna hiyo akianza kubadilika mbele ya macho yetu, hatuna pa kukimbilia, kwa sababu tulimfungulia mlango wenyewe.

Mwaka 2014 Wahindi walitoa filamu iitwayo Ek Villain. Riteish Deshmukh alikuwa amejulikana kwa miaka kumi kama mtu wa vichekesho, wa kina Masti na Housefull. Humo akapewa kucheza Rakesh, mume mpole anayesimangwa na mkewe kwa umaskini wake, anayenyamaza, anayetabasamu, kisha anatoka na bisibisi na kwenda kuua wanawake wengine waliomkaripia kazini. Mtazamaji aliyezoea kumcheka Deshmukh kama mume dhaifu anaanza kwa kumcheka tena. Udhaifu ni uleule, uso ni uleule wa kuomba radhi. Kilichobadilika ni kwamba mara hii anayeudhiwa anaweka hesabu. Wapenzi wa filamu za Kihindi huku kwetu waliotazama filamu ile hawakusema Deshmukh amekosea njia. Walisema, huyu jamaa kumbe!

Robin Williams alifanya hivyohivyo mwaka 2002 katika One Hour Photo. Ni mfanyakazi wa sehemu ya kusafisha picha dukani, mwenye adabu kupita kiasi, ambaye kila mara familia moja ikileta filamu yao anajitengenezea nakala na kwenda nazo nyumbani. Hapigi kelele. Anatabasamu tabasamu lile ambalo dunia nzima ililipenda, nasi tunatamani aache kutabasamu.

Jordan Peele ndiye wa kuwanyamazisha kabisa. Alikuwa mchekeshaji wa televisheni. Kipindi chake na Keegan-Michael Key kilirushwa kuanzia 2012 hadi 2015. Mwaka 2017 akaandika na kuongoza Get Out, hadithi ya kijana Mweusi anayepelekwa kwa wakwe Wazungu wanaompenda kupita kiasi, na 2018 akapata Oscar ya mswada. Filamu hiyo inafunguka na wimbo wa Kiswahili, Sikiliza Kwa Wahenga, ulioandikwa na Michael Abels. Wanaoonya wanaonya kwa lugha yetu, na mhusika haelewi. Tena mtu pekee anayeng'amua tangu mapema kwamba rafiki yake yuko hatarini ni yule wa kuchekesha, Rod, aliyechezwa na mchekeshaji wa jukwaani, Lil Rel Howery. Polisi wanamcheka anapowaeleza. Kumbe yeye ndiye mwenye akili timamu kuliko wote.

"Hao ni Wahindi na Wamarekani," nitaambiwa. "Mtazamaji wetu hajafika huko." Kati ya hoja zote hii ndiyo inayonikera, maana anayeitoa hukuta Mtanzania mwenzake amekaa benchi akamwona hana kichwa.

Nenda kakae naye. Kibanda cha video ni kilekile popote: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, spika mbili zilizofungwa juu kwa waya, na watoto wamekaa chini mbele kabisa ingawa wamekatazwa. Filamu ni ya nje, lakini sauti ni ya msimulizi wetu, wa kundi la kina Lufufu wa Dar es Salaam au, kwetu huku mpakani, DJ Afro wa Kenya. Muuaji anashuka kwenye gari. Msimulizi anamteta: viatu amenunua mitumbani, suti ya marehemu. Watu hoi. Muuaji anapanda ngazi, msimulizi bado anamkejeli, anamwita shemeji. Halafu ananyamaza. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Anajua mwenyewe ni kwenye ngazi ya ngapi aache mzaha. Kibanda kizima kinasikia hatua za yule mtu, na mtoto wa mbele anasogea nyuma kwa makalio bila kugeuka. Kicheko cha sekunde chache zilizopita ndicho kilichomsogeza. Watu hawa wamekuwa wakichanganya kicheko na hofu katika pumzi moja kwa miaka, na mtayarishaji aliye ofisini anasema hawajafika huko.

Tena hawakufundishwa na video. Nchi hii, ukitaka kujua nani anapewa nafasi jambo likiwa zito kuliko yote, nenda msibani. Mtani anafanya vituko mbele ya jeneza. Anaweza kuzuia mazishi mpaka alipwe, anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akikopa, akigombana na mkewe. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Hakuna anayesema mtani ameharibu msiba. Msiba usio na mtani ndio unaosemwa vibaya. Mpiga litungu wa Kikurya naye hivyohivyo. Ana nyuzi nane na mlio mzito unaonguruma kifuani, na katika kikao kimoja atamtania mwenye nyumba kwa ubahili wake, atamsifu ng'ombe, kisha ataingia kwenye habari ya watu waliokufa, pasipo kubadilisha kiti wala kuomba radhi kwa kuvuka. Wasikilizaji wanavuka naye.

Na mbona tumekwisha kuwakubali wachekeshaji katika mambo mazito kuliko filamu? Masanja Mkandamizaji alitoka Orijino Komedi akaimba injili, akasimama madhabahuni akahubiri, na watu wakasema amina. Steve Nyerere alipata jina kwa kuiga sauti ya Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, hapa hapa mkoani kwetu; sauti ambayo wazee wengi hawawezi kuisikia bila kukaa vizuri. Idris Sultan alishikiliwa na polisi Mei 2020 baada ya kuonekana kwenye video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Serikali, angalau, haikuwa na shaka kwamba kicheko cha mchekeshaji ni jambo zito. Mimbari wanaiweza, jukwaa la siasa wanaitwa, mahabusu wanaingizwa. Kilichobaki wasichokiweza, eti, ni kukaa mbele ya kamera dakika mbili bila kuanguka kwenye ndoo.

Mwalimu mwenyewe, nikiwa nimemtaja, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Moja, Juliasi Kaizari, ni tanzia. Nyingine, Mabepari wa Venisi ya 1969, wataalamu wameiweka kwenye kapu la komedia. Isome tena lile onyesho la mahakamani: mtu amefunua kifua, mwingine ananoa kisu ili akate ratili ya nyama aliyoahidiwa kwa mkataba, na kila mtu anajua sheria iko upande wa mwenye kisu. Ikiwa hiyo ni komedia, basi mpaka tunaoulinda kwa jasho jingi kati ya kuchekesha na kutisha hauko pale tunapodhani. Ebrahim Hussein naye alitangulia kutuonyesha katika Mashetani, mwaka 1971. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaanza kwa mchezo tu, mmoja shetani na mwingine binadamu, na mchezo ule unamwingia Kitaru akilini hadi anaugua. Hapo tuna hadithi ya taharuki ya akili iliyoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya nusu karne iliyopita, nayo inaanzia kwenye mzaha wa marafiki.

Filamu zetu za kutisha zilizofuata, za enzi za kina Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilichagua njia nyingine: hofu itoke nje ya mtu, kwenye mashetani na vipodozi. Zilipendwa, sizibezi. Ila zilituachia mazoea kwamba kutisha ni sura. Msambazaji wa Kariakoo naye akaongeza mazoea yake. Kasha la DVD lilitakiwa lijieleze lenyewe kwa mnunuzi anayepita: picha ya huyu maana yake cheka, picha ya yule maana yake lia. Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa bingwa wa kukawia. Ukimuuliza swali, hakujibu upesi. Alikutazama kwanza, akaupa ukimya nafasi mpaka ukaanza kuona aibu kwa swali lako mwenyewe, ndipo akajibu. Ukimya ule, kwa muongozaji mwenye macho, ulikuwa wa kumfanya mtazamaji ashike mkono wa jirani yake. Tuliendelea kumwagiza acheze mzee yuleyule: bahili, mkware, mwepesi wa hasira. Kasha liliuza, na kipaji tukakizika nusu yake hakijatumika.

Sasa nifike nilikoahidi: Tarime na Serengeti.

Mkurya kwenye maigizo ya Bongo ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya kuchekesha: jina lake Chacha au Marwa, anageuza L kuwa R, ni mlinzi au askari, hasira zimemkaa puani. Ya pili ni ya kutisha: ana panga. Mara nyingine mtu ni huyohuyo, panga likiongezwa. Waandishi wa miswada wanatusoma kwenye habari za koo zilizopigana, za wizi wa ng'ombe, za vurugu za mgodi wa Nyamongo, na za kwamba tuna mkoa wetu wa kipolisi, Tarime/Rorya, kama vile wengine wana uwanja wa ndege. Wanahitimisha kwamba hofu ya huku ina sura ya ukali. Ndiyo maana wakitaka mbaya wa Kikurya wanatafuta mwanamume mrefu asiyecheka.

Aliyekulia huku anajua kwamba la kuogopwa haliji hivyo. Chukua Desemba. Shule zimefungwa, mwaka ni ule unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara umefika. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kila mtu anajua. Wasichana wanakimbilia kituo cha Masanga kwa upande wa Tarime na nyumba salama ya Mugumu kwa upande wa Serengeti. Filamu ya hali halisi ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter ya 2018, iliwafuata wasichana hao na Rhobi Samwelly anayewapokea. Sasa jiulize nani anakuja kumrudisha msichana nyumbani. Mkali wa ukoo? Mkali akionekana njiani, mtoto anatimua mbio. Anatumwa baba mdogo. Yule anayependwa na watoto wote, anayemwita bintiye "mchumba wangu" mbele ya watu na watu wanacheka, anayeleta kanga na soda na habari kwamba bibi anaumwa, anakusalimu, anasema amekukumbuka. "Umekuwa mkubwa hivi, mwanangu! Na mimi nimekonda kwa kukuwaza, ona suruali inavyonivuka." Mtoto anacheka. Anachukua mfuko wake wa nguo.

Hiyo ndiyo filamu ya taharuki ya Mara, na humo hamna panga hata moja. Mpe nafasi ile mwigizaji mwenye sifa ya uzito, atamchezea baba mdogo akiwa na jicho la pembeni, ili sisi watazamaji tujue kwamba yeye mwigizaji si mtu mbaya, anacheza tu. Atatuonya. Mchekeshaji hatatuonya, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kuamini kichekesho chake kabisa wakati anakisema. Atatufanya tucheke kweli habari ya ile suruali. Na dakika ishirini baadaye, gari likiacha barabara ya kijijini kwa bibi na kuingia njia nyingine, huku yeye bado anachekesha, mtazamaji atakumbuka kwamba alicheka. Alikuwa upande wa nani alipocheka? Swali hilo haliwezi kuulizwa na sura ya jiwe.

Najua nitakachoambiwa: jambo kama la ukeketaji ni zito mno, ukilitia mchekeshaji unalifanyia mzaha na kuwavunjia heshima wasichana walioumizwa. Hoja hii haina ubaya wowote, inatoka kwa watu wenye uchungu, na nimeifikiria kuliko nyingine zote. Jibu langu ni kwamba anayedharauliwa na filamu za sura kali ni msichana mwenyewe. Zinamfanya aonekane mjinga kwa kumfuata mtu ambaye ubaya wake uko wazi hata kwa mtoto wa darasa la pili. Tukicheka pamoja na msichana, tutaona kwamba hata sisi wazima, wenye simu na shahada, tungepanda gari lile.

Nakubali jambo moja. Si kila mchekeshaji anaweza. Wapo ambao uchekeshaji wao uko kwenye mavazi: mto tumboni, jino lililopakwa masizi, suruali inayoanguka kila wanaposimama. Ukiwavua hayo, hakuna mtu ndani. Hao waache wale riziki yao. Namtaka yule wa masikio, anayesikia ukumbi unavyopumua na anayeweza kumwiga bibi, mtoto na mwenyekiti wa kijiji bila kubadili shati. Aliyejifunza kumsoma mtu kwa ajili ya kumchekesha anajua pia anapoumia. Elimu ni moja. Joti amecheza wazee, wanawake na watoto kwa miaka mingi kwa kugeuza shingo na macho. Filamu zetu zinawatuza watu wanaocheza nafsi yao ileile kutoka kasha moja hadi jingine, wakiongeza machozi tu, kisha tunamwita huyu wa Orijino Komedi mwepesi.

Kosa jingine ni la waongozaji. Wakithubutu kumchukua mchekeshaji, jambo la kwanza wanamnyang'anya vichekesho. "Sasa uwe siriasi," wanamwambia, naye maskini ananuna, anaongea polepole, anatazama mbali kama anayesubiri basi la Musoma, filamu inashindwa, halafu tunaambiwa: mnaona? Ni sawa na kumchukua mkimbiaji kwa ajili ya mbio zake na kumfunga miguu ili afanane na wenzake. Williams hakuacha tabasamu lake mlangoni. Deshmukh hakuacha unyenyekevu wake. Walikuja na mali yao yote, muongozaji akageuza taa tu.

Niseme na hili, kwa kuwa linaniuma. Serengeti imepigwa picha kuliko sehemu nyingi za Afrika. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza filamu yao ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959, ikapata Oscar. Miaka sitini baadaye, 2019, BBC ikaleta mfululizo uitwao Serengeti, ambao toleo lake la Marekani lilisimuliwa na Lupita Nyong'o. Humo simba jike ana majuto na fisi ana mashaka ya kifamilia. Kila mnyama ana moyo wa ndani unaochimbwa sehemu kwa sehemu. Mwaka uleule Lupita alicheza Us, filamu ya kutisha ya yuleyule Jordan Peele, akiwa mwanamke anayeandamwa na nafsi yake mwenyewe. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu wa kanda hii ya Ziwa, mwenye asili ya ng'ambo ya mpaka wetu, kupewa akili mbili katika filamu moja. Fisi wa Serengeti pia amepewa. Mkurya wa Tarime na Mwikoma wa Serengeti bado wanasubiri getini na rungu, wakiwa na mistari mitatu, miwili kati yake ni ya kutishia.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu huwa ya vitendo: haya, tumchukue huyo Joti wako, lakini si Mkurya, lafudhi ataipata wapi? Mura, asiitafute. Lafudhi ndiyo itakayomrudisha mtazamaji kwenye kichekesho kilekile cha zamani, na hapo ndipo wapinzani watakuwa na haki ya kunicheka. Baba mdogo aseme Kiswahili chake cha kawaida, kile cha mtu aliyekaa mjini akarudi likizo. Mwalimu aliwaleta mabepari wa Venisi wakaongea Kiswahili safi mbele ya Watanzania, wala hakumwomba hata mmoja wao akiseme kwa Kiitaliano kidogo ili tumwamini.